Mjadala: Rubani akijibu "ni sawa" huku mafuta yanamwishia, lawama ni za nani?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, nikaona nilete huku.

Ni ile Boeing 707 ya Avianca, shirika la ndege la Kolombia, safari namba 52, iliyoanguka Cove Neck, Long Island, usiku wa tarehe 25 Januari 1990. Ilitoka Bogotá kupitia Medellín ikielekea New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, uwanja wa Kennedy umezidiwa, ndege zikawekwa angani zizunguke kusubiri zamu. Hii ilisubirishwa mara tatu, jumla saa 1 na dakika 17. Walipokuja kutua wakashindwa, wakapaa tena. Hapo rubani mkuu akamwambia msaidizi wake kwa Kihispania: waambie tuna dharura. Msaidizi akashika redio, akarudia kwanza uelekeo aliopewa, akasema watajaribu tena, halafu mwisho kabisa: mafuta yanatuishia.

Tazameni huo mpangilio. Mimi nausikia kama salamu zetu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu, ila mtoto amelazwa." Habari yenyewe ndiyo hiyo iliyojificha nyuma ya "ila", na sisi tumezoea kuisubiri. Mwongoza ndege wa New York, mwenye foleni ya ndege mbele yake, hakuisubiri.

Injini zote nne zikazima. Ndani walikuwa watu 158, wakafa 73. Haikuwaka moto, maana hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Wachunguzi wa Marekani waliwatwisha marubani sehemu kubwa ya mzigo: hawakusimamia mafuta yao na hawakutangaza dharura. Mimi nasema mnara, yaani waongoza ndege, nao ulikuwa na wajibu. Wale watu walishaomba kipaumbele mapema, na walishasema Boston, uwanja wao wa akiba, hawawezi kuufikia tena. Baada ya hapo mnamsubiri mtu atamke neno gani la uganga?

Kisiki cha Mpingo

Mleta mada, umeruka kipande. Mnara ULIULIZA. Baada ya kushindwa kutua mara ya kwanza, mwongozaji aliwaambia atawapeleka kama maili 15 kaskazini-mashariki kisha awarudishe, akauliza: ni sawa kwenu na kwa mafuta yenu? Msaidizi akajibu, "Nadhani ni sawa, asante sana."

Asante sana! Ungekuwa wewe kwenye hicho kiti ungefanyaje? Dharura ina neno lake, nalo ni Mayday, na kila rubani analijua kabla hajakabidhiwa leseni. Mgeni akikwambia ameshiba huwezi kumshindilia ugali.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Wanangu, mbona mnazunguka? Shida ni Kiingereza. Yule kijana alikuwa na hofu kwa Kihispania, akalazimika kuitoa kwa lugha ya darasani. Mtu akitishika hurudi kwenye lugha ya mama yake. Hata hapa kwetu, rubani Mswahili na mwongozaji Mswahili, wote wa Tanga, bado redioni ni Kiingereza. Kwa faida ya nani?

Fundi Redio

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa faida ya ndege ya tatu, ile isiyojua Kiswahili. Mei 2000 pale Charles de Gaulle, Paris, mwongozaji aliiruhusu ndege moja iruke kwa Kifaransa, na ndege ndogo ya Waingereza ikaambiwa kwa Kiingereza iingie barabara hiyohiyo ya kurukia. Waingereza hawakuelewa kwamba kuna anayekuja kwa kasi. Bawa likaingia kwenye chumba cha marubani, msaidizi akafa.

Tena kuna hili. Tarehe 28 Novemba 2016, ndege ya shirika la LaMia iliyobeba Chapecoense, timu ya soka ya Brazil, ilikuwa inakuja kutua Medellín. Rubani Mbolivia, mwongozaji Mkolombia, Kihispania kitupu. Rubani akaomba kipaumbele kwa sababu ya "tatizo la mafuta", kwa sauti ya kuomba chumvi kwa jirani. Alipokuja kusema wazi, saa ilikuwa imeshapita. Watu 77, wakafa 71. Na hiyo ni baada ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kuweka mwaka 2012 maneno maalumu ya kutamka mafuta yakipungua. Lugha ya mama ilikuwepo, maneno yalikuwepo. Kilichokosekana ni ulimi.

Wa Embakasi

Mnaongelea Marekani na Kolombia, ya hapa Nairobi mmeisahau. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inashuka kuja uwanja wetu. Mnara ukairuhusu ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakarudia 5,000 redioni, wala hawakusahihishwa. Sasa uwanja wenyewe uko futi zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari. Yaani walikuwa wanaishusha chini ya ardhi! Walipotoka kwenye mawingu, wakavuta juu zikiwa zimebaki kama futi 70. Minazi ya kwetu Kilifi ina urefu wa kukaribia hapo.

Pale hakuna aliyeona haya wala aliyekosa lugha. Ile kurudia agizo ilishageuka "shikamoo, marahaba". Mtu anaitikia hata hajageuka kuona ni nani aliyemwamkia.

Mleta mada

Kisiki, nakubali, kile kipande nilikiruka, na kinaniuma. Lakini liangalie hilo swali. "Ni sawa kwenu?" ni ndugu yake "hujambo". Hata aliyelala kitandani wodini hujibu sijambo, kwa kuwa swali lenyewe limeshamwekea jibu mdomoni. Angeuliza "mmebakiwa na mafuta ya dakika ngapi?" asingepata "asante sana". Namba haina adabu.

Kisiki cha Mpingo

Haina adabu, ila haina masikio pia. Kamuulize Wa Embakasi. Halafu namba unayoitaka ilitolewa. Walipokuwa bado wanazungushwa, Avianca walisema wanaweza kusubiri kama dakika tano tu. Mwongozaji mmoja akampasia mwenzake hiyo tano. Ile ya Boston haikufika.

Mleta mada

Basi aliyepokea alipewa namba, "ila" ikabaki kwa mwenzake.