Twita zinaungua na besi inapotea, nimekosea wapi kuunga?

kijana_makorora:
Salaam wakuu. Niko Tanga, Makorora, nimejitengenezea spika za nyumbani maboksi mawili ya plaiwudi, kila boksi wufa 2 za inchi 8 (spika za besi) na twita 1 (kale kaspika kadogo ka sauti za juu). Wufa nyuma zimeandikwa omu 4 (ule ukinzani wa umeme), twita omu 8, na ampu (amplifaya) pale pa kuchomekea waya imeandikwa 4 mpaka 8. Mi nimekusanya plasi zote pamoja na mainasi zote pamoja nikapeleka kwenye ampu basi. Sa nikiweka mziki wa chini freshi tu, nikipandisha kidogo ampu inachemka unaweza kukaangia yai afu inajizima, na twita nshaunguza 2 wiki hii, ya pili haikumaliza hata nyimbo moja. Halafu boksi la kulia besi hakuna, ukitega sikio wufa zote zinalia ila ukikaa mbali besi huisikii. Shemeji anasema ampu feki. Jumamosi kuna shughuli ya dada hapa nyumbani nisaidieni.

dj_kange:
Ampu ndogo hiyo mkuu, wufa 4 hizo. Tafuta kubwa.

fundi_wa_jioni:
Akitafuta kubwa ataunguza kubwa. Kijana ampu yako haina kosa, kosa ni hizo waya.

Wufa 2 za omu 4 ukiziunga paraleli hivo zinabaki omu 2, na hiyo twita juu yake inashuka mpaka 1.6, ampu inaona kama umeipiga shoti, isichemke kwanini? Ziunge sirizi. Plasi ya ampu iende plasi ya wufa ya kwanza, mainasi ya hiyo wufa iende plasi ya wufa ya pili, mainasi ya pili ndo irudi ampu. Hapo una omu 8. Ukipima kwa mita itasoma 6 na kitu, usishtuke, mita inapima waya wa koili ya ndani ya wufa tu.

Twita unaipelekea besi ndo maana inakufa, koili yake ni uzi mwembamba kama nywele. Kwenye waya wa plasi wa twita katiza kapasita ya mikrofaradi 4.7 (4.7uF), iwe ile isiyo na plasi na mainasi, hizi za kawaida zenye mstari ubavuni usiweke. Hesabu yake chukua 159,000 gawa kwa omu gawa kwa uF, yani 8 na 4.7 unapata kama 4,200Hz, chini ya hapo sauti inaanza kubanwa. Ukiikosa chukua za feni ya dari, 2.5uF mbili paraleli inakuwa 5, mimi nimezitumia miaka na hazina neno.

Boksi la kulia kuna wufa umeigeuza. Moja inasukuma nje mwenzie anavuta ndani, besi wanakulana wenyewe. Toa waya, chukua betri ya saa ya ukutani ile ya 1.5V, gusisha plasi kwa plasi mara moja tu, karatasi ikitoka nje iko sawa, ikiingia ndani alama zake usiziamini weka zako kwa kalamu.

mama_chumbageni:
Fundi na ile koili ya kuunga kwenye waya wa wufa izuie sauti za juu je? Halafu mdogo wangu pale ulipopitisha waya nyuma ya boksi paziba na silikoni, pakivuja besi inakuwa ya kukoroma. Na miguu ya spika, pale pa kuunga waya, kama imeshaota kijani ikwangue kabla ya kuchomelea, kwa chumvi hii ya bahari huku risasi haishiki.

fundi_wa_jioni:
Koili ya 0.33mH ingekata hapohapo kwenye elfu 4 dada, ni nzuri, ila kwa Jumamosi aachane nayo.

kijana_makorora:
Wakuu nimerudi. Betri imenionyesha, wufa ya chini boksi la kulia ilikuwa imegeuzwa na alama yake kiwandani wameikosea, mimi niliifuata tu 😅 Nimepanga sirizi, mita imesoma 6.7, kapasita nimetoa kwenye feni mbovu ya bibi na nyingine nimenunua Ngamiani. Saa nzima ngoma ya baikoko, ampu ya uvuguvugu tu, na shemeji kanyamaza. Ila sasa twita inapiga kelele, ukiweka taarabu zile fidla zinachoma masikio.

fundi_wa_jioni:
Twita ina nguvu kuliko wufa. Weka rizista ya omu 4.7 wati 10 sirizi na twita. Lakini ukishaiweka omu zimeongezeka, kapasita yako itaanza kupitisha sauti za chini zaidi, kwa hiyo toa moja ya feni ubaki na 2.5.

kijana_makorora:
Natoa ile ya bibi, keshaniuliza feni yake mara mbili.