Michakato miwili inasubiriana bila kikomo: kosa liko wapi?

Muulizaji, Dodoma Makulu:
Habari za kazi, wakuu. Nina programu ya C inayokadiria mvua kwenye gridi ya kutoka Bahi hadi Kongwa, iliyogawanywa kwa michakato miwili inayobadilishana safu za mpakani kupitia MPI, kiwango cha michakato kutumiana ujumbe. Kila mchakato huita MPI_Send (kutuma) kwanza, kisha MPI_Recv (kupokea). Safu ya namba 100 hupita salama. Ya namba 100,000 programu huganda bila kutoa kosa lolote. Je, ni mtandao?

Jibu la 1:
Mtandao hauna hatia, ndugu yangu. Kiwango cha MPI, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1994, kinairuhusu MPI_Send irudi mapema ikiwa ujumbe umenakiliwa kwenye hifadhi ya muda, lakini hakiilazimishi. Ujumbe mkubwa kwa kawaida husubiri hadi upande wa pili uanze kupokea. Hapo kwako wote wawili wanapiga hodi, na hakuna wa kuitikia karibu. Tumia MPI_Sendrecv, inayotuma na kupokea kwa wito mmoja.

Jibu la 2:
Naunga mkono, ingawa mimi hupendelea MPI_Irecv na MPI_Isend, zinazoanzisha kupokea na kutuma kisha kurudi bila kusubiri, zikifuatwa na MPI_Waitall, inayosubiri zote zikamilike, kwa sababu hesabu za katikati ya gridi huendelea wakati ujumbe ungali njiani. Usiiguse safu unayotuma kabla ya Waitall kurudi. Ili kuthibitisha kosa, weka MPI_Ssend, ambayo daima husubiri upande wa pili uanze kupokea, badala ya MPI_Send.

Muulizaji:
Nimeijaribu Ssend, na hata namba 100 zimeganda. Kumbe kosa lilikuwapo tangu mwanzo! Ahsanteni, wakuu, Sendrecv imepita.