Nimechoka! Injini ya silinda nne, kila kipande kiko sawa, ukiunganisha inagoma kuzunguka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi mapema.

Leo siku ya kumi na mbili napambana na modeli ya injini kwenye programu ya kuchora mashine ya kompyuta. Tatizo si kuchora. Kuchora nilimaliza zamani: bloku (mwili wa injini), krankishafti (mhimili mkuu unaozunguka), konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti), pistoni, kamshafti (mhimili unaofungua valvu), valvu, vyote vipo. Tatizo ni kulifanya hili dude lizunguke. Mpaka jana, nikiishika krankishafti kwa mausi niivute, ama haisogei kabisa, ama linatokea onyo jekundu kwamba vifungo (masharti ya kuunganisha vipande) vimezidi. Vimezidi wapi? Vingapi? Nitoe kipi? Kimya.

Na hizo video za mafunzo ndiyo usiseme. Jamaa anaunganisha silinda moja, anaizungusha mara tatu, "mmeona ilivyo rahisi", kwaheri. Vipande vyake vilishakaa mahali pake kabla hajaanza kurekodi!

Makosa yangu nayakiri. Siku ya kwanza yote iliishia kwenye upuuzi: kipande kinachoingia kwanza programu inakigandisha yenyewe, na mimi nilianza na krankishafti. Yaani nilikuwa navuta kitu kilichopigiliwa misumari. Kisha pistoni na konrodi nikazifunga kama kifurushi kimoja ili nisirudie kazi mara nne. Kumbe kifurushi kikiingia kinahesabiwa kitu kimoja kigumu, konrodi haiyumbi kwenye pini yake mpaka uende kwenye mipangilio ukiruhusu kilegee. Sawa, hayo nimejifunza.

Hili la vifungo kuzidi ndilo linalonipandisha presha. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ya silinda moja tu. Kipande kilicho huru kina miendo 6: kusogea pande 3 na kuzunguka pande 3. Bloku haiendi popote, kwa hiyo inabaki krankishafti, konrodi na pistoni, jumla miendo 18. Kila bawaba inaondoa 5, nazo ziko 3: krankishafti kwenye bloku, konrodi kwenye krankishafti, konrodi kwenye pistoni. Pistoni kuteleza kwenye silinda kunaondoa 5 nyingine. Hiyo ni 20! 18 kutoa 20 ni hasi 2, kwa hiyo kwa hesabu hii hakuna injini inayoweza kuzunguka. Zinazunguka kwa sababu mihimili ya bawaba zote tatu iko sambamba, hivyo vifungo 3 vinarudia kazi ambayo wenzao wameshaifanya. Programu inavumilia marudio hayo mradi vipimo vikubaliane kabisa. Visipokubaliana hata kwa unywele, inagoma.

Vyangu havikukubaliana. Konrodi ya tatu ilikuwa imekaa nje ya mstari wa kati wa silinda yake kwa mm 0.05. Nimeligundua hilo jana saa nane usiku. Siku zote hizo programu ilikuwa inakilaumu kifungo cha pini ya pistoni, kisa tu ndicho nilichoweka mwisho. Nimekifuta na kukirudisha mpaka nimepoteza hesabu, na kosa lilikuwa chini kabisa, pale konrodi inaposhikana na krankishafti. Ni sawa na kumkamata aliyechelewa kufika msibani ukasema ndiye aliyeua.

Sasa inazunguka, ila msinipongeze bado. Nikivuta haraka, pistoni moja inaruka chini ya krankishafti inatokea kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kumbe mlinganyo una majibu mawili, la juu na la chini, nayo imejichagulia la chini. Nimeweka kikomo cha umbali, imetulia kidogo. Kamshafti nayo nimeifunga kwa kifungo cha gia ili iende nusu ya kasi ya krankishafti, ikazunguka kinyume, maana gia mbili zikiumana hugeuzana, wakati injini yangu ni ya cheni, zote zinatakiwa kwenda upande mmoja. Nilipogeuza nikakosea kuandika uwiano, 1 na 2 zikabadilishana nafasi, kamshafti ikawa inakimbia mara mbili ya krankishafti. Valvu zikapenya ndani ya pistoni kama mizuka inayopita ukutani, na programu hiyohiyo iliyonililia siku zote kwa mm 0.05 haikusema neno!

(Pia nilipoteza saa nzima nikidhani pistoni imekosewa, kwa sababu krankishafti ikifika nyuzi 90 pistoni imeshuka mm 49.8 na si 43, ambayo ni nusu ya mwendo wake wa mm 86. Konrodi yangu ni mm 140, fanyeni hesabu, iko sahihi. Angalau hilo.)

Swali kwa mliowahi kuizungusha injini nzima: kuna namna ya kuilazimisha programu ioneshe vifungo vyote vinavyogombana, badala ya kumsingizia wa mwisho? Na asitokee mtu kuniambia nifungue faili jipya nianze upya. Nimeshaanza upya mara tatu.