Naomba ushauri: kinywa kuchoka baada ya kuonja mvinyo

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Ninafanya kazi katika mgahawa mmoja hapa Capri Point, Mwanza, ambako nimekabidhiwa jukumu la kuonja mvinyo, mwingi ukiwa wa zabibu za Dodoma, ili tuchague utakaoendana na sato na sangara. Huanza na mweupe na kutema kila funda, lakini nikifika kwenye mwekundu mkavu (usio na utamu wa sukari), tanini, yaani kemikali ya maganda na mbegu za zabibu inayokausha kinywa, hushikana na protini za mate, ufizi ukakauka kama niliyetafuna ganda la ndizi mbichi, na chupa zote zikaanza kufanana. Maji na mkate mtupu hunisaidia kidogo tu. Wenye uzoefu, je, nipumzike kwa muda gani kabla ya kuendelea, na jioni nile nini ili niihisi tena ladha ya samaki?