Tupeane uzoefu: ulitambuaje kama ni usonji, au ni kutojimudu tu mbele za watu?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, nimeifungua mada hii kwa sababu kwa miaka mitatu niliishi nikiamini kwamba nina usonji (kwa Kiingereza autism, hali ya tangu utotoni inayogusa mawasiliano, mahusiano na tabia), kisha mtaalamu akanichunguza na kuniambia kuwa sina. Sikuja kumpangia mtu hali yake. Nataka tusimuliane namna kila mmoja wetu alivyoyapambanua mambo haya mawili, ambayo kwa mtazamaji wa nje hufanana kama mapacha.

Mimi nikiingia mahali penye watu nisiowazoea ulimi huwa mzito, mikono sijui niiweke wapi, macho ya ninayezungumza naye nayakwepa, na nikirudi nyumbani hukesha nikiyapitia maneno yangu moja baada ya jingine, nikitafuta pale nilipojiaibisha. Nilijaza dodoso la AQ la kupima dalili za usonji kwa mtu mzima, lile lenye kauli 50 lililotolewa mwaka 2001, nikapata alama 33. Kwa kuwa alama 32 ndiyo hutajwa kuwa kiwango cha kumfanya mtu afikirie uchunguzi, nikajihukumu mwenyewe bila hakimu.

Mtaalamu hakuanza na habari za watu kama nilivyotarajia. Aliniuliza nilikuwaje nikiwa na miaka minne, nilicheza na nini na kwa namna gani, kelele na mwanga mkali hunifanyaje, na hali yangu huwaje ratiba ikivurugika ghafla. Katika hayo yote sikuwa na la ajabu la kusimulia. Nilikuwa mtoto mchangamfu mpaka nilipofika miaka 13, nilipogeuzwa kichekesho cha darasa zima kwa muda mrefu. Ndipo akaniuliza huwa nikoje ninapokaa na ndugu zangu wawili watatu. Nikamjibu kwamba huko mimi ndiye mpiga soga mkuu, mzaha haunipiti, na aliyenuna namtambua kabla hajafungua kinywa. Akasema kwamba kanuni za mazungumzo nazijua vizuri mno, na tatizo langu ni hofu ya kuzivunja huku watu wakinitazama. Hali hiyo aliiita hofu ya kijamii, nami nimekwisha kuanza tiba ya mazungumzo.

Karibuni.

Mama wa Wawili

Ahsante, ndugu. Mimi nina watoto wawili, na kwa miaka miwili nilimhangaikia asiyestahili kuhangaikiwa.

Wa kwanza alikuwa akijificha nyuma yangu kila tulipofika kwa watu. Aliwatazama wenzake wakicheza kwa muda hata wa nusu saa, akiwa na hamu iliyoonekana wazi usoni, kisha akajipenyeza taratibu, na baada ya hapo usingeweza kumtofautisha na wengine. Wa pili alikuwa msemaji. Alimsalimia kila mtu na alitumia maneno makubwa kuliko umri wake, hata majirani wakawa wananipongeza. Lakini mazungumzo yake yalikuwa ni feni tu: idadi ya mapanga yake, kasi yake, sauti ya kila moja. Msikilizaji akiondoka, yeye aliendelea kueleza. Nikimrudisha nyumbani kwa njia tofauti na ile ya kila siku alilia mpaka akaishiwa nguvu.

Jambo lililonifumbua macho ni dogo sana. Wa kwanza, akiwa na mwaka mmoja na nusu, alikuwa akiona ndege angani ananyoosha kidole, kisha ananigeukia kuhakikisha kwamba nami nimeiona. Wa pili alinyoosha kidole alipotaka kupewa kitu tu. Kunionyesha kitu kwa ajili ya kukifurahia pamoja hakukuwepo. Baadaye nilipopewa dodoso la M-CHAT, ambalo hutumika kutafuta dalili za usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, nilikuta jambo hilohilo limeulizwa waziwazi. Aliyekutwa na usonji ni huyo msemaji, na yule mwenye haya sasa anakaribia kumaliza shule na hana neno.

Mpita Njia

Kwa maoni yangu siku hizi kila mtu mpole anatafutiwa jina. Mimi sipendi mikusanyiko, nimeishi hivyo, na sijapungukiwa na kitu.

Mwenye Kukokotoa

Ndugu Mpita Njia, kama hujapungukiwa na kitu basi hapana shaka huhitaji jina, na hata wataalamu hawatakupa, kwa kuwa sharti mojawapo ni kwamba hali hiyo iwe inamkwamisha mtu katika maisha yake. Mimi ilinikwamisha. Nilithibitishwa kuwa na usonji nikiwa mwanamke wa miaka 41, baada ya kuambiwa tangu utotoni kwamba nina aibu na nijiamini.

Nawaomba msidhani kwamba naogopa watu. Nipeni hotuba niliyoiandaa nami nitaisoma mbele ya watu 200 bila kutetemeka. Niulizeni kilichonitokea wakati wa mapumziko, watu waliposimama vikundi vikundi wakizungumza bila ajenda. Hapo ninakokotoa: nimtazame usoni kwa sekunde tatu, niangalie pembeni, nicheke pale mwenzangu wa kulia anapocheka, sasa ni zamu yangu ama bado? Kicheko changu nilikinakili kwa mfanyakazi mwenzangu mmoja, mpaka mtu akaniuliza kama sisi ni ndugu. Nikifika nyumbani hujilaza gizani saa mbili au tatu, si kwa majuto kama ya mwanzisha mada, bali kwa sababu akili imechoka kama mguu uliotembea kutwa.

Na hapa, ndugu mwanzisha mada, nitatofautiana nawe kidogo. Swali lile la "ukiwa na watu wa karibu unakuwaje" lilikufaa wewe, lakini peke yake lingenipoteza mimi. Nina kaka ambaye naye ana usonji, na tukikutana tunazungumza saa tano mfululizo bila hata mmoja kukokotoa. Mtafiti Damian Milton aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana baina ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande zote mbili, na nilipolielewa wazo hilo nilimkumbuka kaka. Kwa hiyo mtu anaweza kujimudu vizuri miongoni mwa wanaofanana naye na bado akawa na usonji.

Kilichonitenga na wenye haya ni kile kinachobaki wakati hakuna mtu yeyote chumbani. Lebo ya shati hunichoma hata nikiwa peke yangu. Taa zile ndefu za ofisini nazisikia zikivuma. Mpango wa siku ukibadilika bila taarifa, hata kama hauhusu mtu mwingine, hushindwa kufanya lolote hadi jioni. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ambao wataalamu hutumia kutambua hali za akili, na ndio pia uliolimeza ndani ya usonji jina la Asperger (walilokuwa wakipewa wenye dalili za usonji wasiochelewa kuzungumza), unataka pande zote mbili zipatikane: ugumu katika maeneo yote matatu ya mawasiliano na mahusiano, na angalau mambo mawili kati ya manne ya upande wa marudio, utaratibu usiobadilika, mapenzi makubwa ya jambo moja, na hisi zilizozidi au kupungua. Ukiwa na upande wa kwanza peke yake, huo si usonji. Baada ya kuthibitishwa niliruhusiwa kuvaa vizuia kelele kazini, na hilo tu limeniongezea nguvu za nusu siku.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi na nitasema machache. Mwanafunzi mwenye haya nilikuwa nikimpa mwenzake mmoja na kazi yenye utaratibu ulio wazi, na baada ya wiki chache alifunguka. Mwenye usonji hakuwa na shida na kazi. Alishindwa na yale ambayo hakuna anayeyafundisha. Nilipata kumwambia mmoja wao kabla ya mtihani apige moyo konde, akaniuliza kwa utulivu kabisa apige mara ngapi.

Ila nawatahadharisha wanaotaka mpaka ulionyooka. Nilimwona mtoto akiingia shule bila hofu yoyote, akiwaendea wenzake kwa namna yake, akakataliwa na kuchekwa mwaka baada ya mwaka, na alipofika darasa la saba alikuwa na usonji pamoja na hofu. Waliomwona wakati huo waliona haya tupu.

Mwanzisha mada

Mwalimu, hilo la mwisho limenigusa. Na wewe dada Mwenye Kukokotoa, nakubali kwamba nililipa swali moja uzito usio wake. Nikitazama nyuma, hata yale ya utotoni na ya kelele ndiyo yaliyoamua.

Anayesubiri

Nimesoma yote. Nina miadi ya uchunguzi mwezi ujao na nimetakiwa niende na maelezo ya utoto wangu. Nilimuuliza mama, akanijibu kwamba nilikuwa mtoto wa kawaida kabisa, sawasawa na baba. Baba ni mtu anayepanga viatu vyake kwa rangi, hapokei simu isiyotarajiwa, na ameketi kwenye kiti kimoja tangu nimezaliwa. Je, ninyi ambao shahidi wenu hakuona ajabu lolote mlifanyaje?

Mwenye Kukokotoa

Mdogo wangu, usimuulize mama kama ulikuwa wa kawaida. Muulize ulikuwa ukifanya nini saa za kucheza, ulilia kwa sababu gani, ulikataa nguo ipi, ulianzaje kuzungumza. Tafuta pia taarifa zako za shule za miaka ya mwanzo, usome maneno ya walimu, maana alama hazitakusaidia. Katika yangu, mwalimu wa darasa la kwanza aliandika kwamba nina adabu sana na kwamba kila mapumziko huwa nazunguka ukuta wa uwanja kwa upande uleule, nikihesabu.