Uzi: Mgonjwa wa bipolar (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na simu usiku kucha, tupeane uzoefu

Wakuu, mnaomhudumia mtu wa hivi wekeni mbinu zinazofanya kazi. Mahubiri tumeshayasikia.

Zamu_ya_Usiku: Anzeni na usingizi, siyo simu. Akilala kwa muda wa saa tatu au nne tu, siku mbili mfululizo, na asubuhi hana hata dalili ya uchovu, huyo anapanda, yaani msisimko uliopitiliza unaanza. Pigeni simu kliniki. Kinachoponza wengi ni bando la usiku: bei chee, linaanza saa sita, basi anakesha akilisubiri. Mnunulieni la mchana. Chaja ikae sebuleni, chumbani awe na saa ya kengele, maana "simu ndiyo alamu yangu" ndiyo kisingizio cha kwanza.

Bi_Mkubwa: Naongezea, msimnyang'anye ghafla. Humo humo kuna kikumbusho cha dawa, tarehe ya kliniki na wale wawili watatu anaoongea nao. Futeni programu moja moja, mkianza na ya kubeti. Vikomo vya muda kwenye Android anaviondoa mwenyewe fasta, kwa hiyo visaidie tu, msivitegemee.

Mhasibu wa Mtaa: Pesa sasa. Makubaliano yaandikwe akiwa ametulia, kwa mkono wake: kwenye laini abaki na hela ya siku mbili, nyingine iende akaunti isiyounganishwa na simu. Wengi wanasahau Fuliza na Songesha, ile mikopo ya papo hapo ya M-Pesa. Hizo hukamilisha malipo hata salio lisipotosha, kwa hiyo ajitoe mapema.

Dirisha_la_Dawa: Chunguzeni na dawa. Mei 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu aripiprazole, moja ya dawa za bipolar: kwa baadhi ya watu, ingawa ni nadra, huleta hamu isiyozuilika ya kamari, kununua vitu, kula au ngono, na hamu hiyo iliisha dozi ilipopunguzwa au dawa iliposimamishwa. Andikeni tarehe mbili, ya kuanza dawa na ya mkeka wa kwanza wa kubeti, mpelekeeni daktari. Kuikatisha wenyewe nyumbani ni hatari kuliko mkeka.

Kijana_Tanga: Na yule aliye chini, mwenye huzuni, anashinda na video kitandani?

Zamu_ya_Usiku: Huyo ni tofauti, mkuu. Usihesabu saa za simu, hesabu alichoacha: kula, kuoga, kutoka nje. Mrudishie kimoja kwanza, kwa mfano kuoga kabla ya saa nne asubuhi, simu ikiwa kwenye chaja. Akianza kutafuta mtandaoni namna ya kujidhuru, msimwache peke yake, na hospitali ni siku hiyo hiyo.