Mnatuuzia poda moja kwa kila mdudu wa ghala, hadi lini?

Wadau, hili linakera. Mkulima anaingia dukani Masindi, Uganda, anasema mahindi yana fukusi. Muuzaji hata haulizi mdudu ana sura gani. Anachota poda kwenye ndoo isiyo na lebo, anafunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki), anapokea pesa. Miezi miwili baadaye gunia ni vumbi, na lawama ni za mkulima eti hakuchanganya vizuri.

Mwageni mahindi kidogo kwenye sinia mtazame. Mwenye pua ndefu kama mkonga, mgongoni madoa manne ya rangi ya machungwa, ndiye fukusi. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Ndiyo maana mahindi huingia ghalani yakionekana safi, na baada ya wiki tano hivi matundu yanaanza. Asiye na pua, mwili mviringo kama kipande cha penseli, nyuma kama amekatwa kwa wembe, na ukimtazama kwa juu kichwa hakionekani, huyo ni dumuzi. Gunia likiinuliwa, unga unamwagika. Hula hata muhogo mkavu na kutoboa miti ya ghala.

Sasa uhuni wenyewe. Dawa iitwayo pirimifosi-metili humuua fukusi, lakini haimwezi dumuzi. Nyingine, permetrini, ni kinyume chake. Kwa hiyo poda inayofaa huwa na zote mbili, asilimia 1.6 na 0.3, gramu 50 kwa gunia la kilo 90. Ya kwenye ndoo ina ipi? Iliisha muda lini?

Na vile vidudu bapa vyekundu kwenye unga wa posho havitoboi punje nzima, vinafuata punje zilizovunjika na vumbi. Pepeta, fagia nyufa. Lakini kuna wanaowauzia watu poda wachanganye na unga. Unga wa kula, jamani!

Jibu #1: Mleta uzi, umeruka unyevu. Mahindi ya Agosti yanaanikwa huku mvua inarudi. Weka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu umepita asilimia 15. Kausha hadi 13 kwanza.

Jibu #2: Maharage je?

Mleta uzi: Mdudu wake mwingine kabisa, mara nyingi maharage hutoka naye shambani. Jaza gunia nusu, livingirishe asubuhi na jioni. Kiluwiluwi (buu) wake anahitaji kujiegemeza kwenye punje ya jirani ndipo atoboe. Ukimvuruga kila mara anakufa nje.